Mtwapa ilipaa, Naivasha inakohoa: nifungue mashine au nibadilishe propela?

Wa Lang'ata
Wakuu, habari za jioni. Uani kwangu kuna mashua inayonikosesha usingizi. Ni ya faiba, futi 19, nyuma imefungwa injini ya Mercury ya nguvu za farasi 150, foostroko. Niliinunua Mtwapa mwezi wa nane. Siku ya kuijaribu tulikuwa watatu. Nikasukuma liva ya mafuta mpaka mwisho, mshale ukasimama kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, GPS ya simu ikasoma kilomita 78 kwa saa, na shemeji yangu akapoteza kofia. Nikalipa palepale.

Nikaivuta kwa trela hadi Nairobi, na Jumamosi iliyofuata tukateremka na Mai Mahiu kwenda ziwa Naivasha. Watu walewale watatu, tangi nusu vilevile. Nasukuma liva, mashua inainua pua na kubaki hivyo, kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto. Ilipokuja kulala juu ya maji, mshale ulikwama 4,800, spidi 67. Kofia mpya ya shemeji haikutikisika.

Fundi mmoja hapa mjini amesikiliza nilivyomweleza kwa simu, akasema injekta, vile vipulizio vya mafuta, zimeziba, nipeleke elfu arobaini azifungue. Hajaiona mashua. Propela ni ya alumini, mapanga matatu, imegongwa chapa ya 21. Kuna mtu ameniambia hiyo namba ndiyo shida. Ni kweli, au nitoe hizo elfu arobaini?

Mzee wa Likoni
Mwanangu, usimpe mtu hata shilingi. Mashine yako si mgonjwa, imekosa pumzi tu. Mtwapa uko usawa wa bahari. Naivasha uko karibu mita 1,880 juu, na huko hewa ni nyepesi. Hesabu tunayotumia ni kwamba kila mita 300 unazopanda, mashine isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza asilimia 3 hivi ya nguvu. Piga mwenyewe: farasi wako 150 wakifika Naivasha wamebaki kama 122. Kompyuta ya mashine inapunguza mafuta ili yalingane na hewa iliyopo, lakini hewa yenyewe haiwezi kuiumba.

Sasa hiyo 21. Sisi huku tunaiita rafadha, ninyi propela, namba ni ileile: kama maji yangekuwa mbao na rafadha ni skrubu, kila ikizunguka mara moja ingesonga mbele inchi 21. Hiyo ndiyo pichi. Maji si mbao, kwa hiyo inateleza kidogo. Pichi kubwa ni kama gia ya tano: tamu ukiwa na nguvu ya kuivuta. Wewe umeingia mlimani na gia ya tano ukiwa na farasi 122.

Kitabu cha mashine hiyo kinataka liva ikiwa mwisho mshale uwe kati ya 5,000 na 5,800. Uko chini ya hapo, na kukaa hapo si salama, kwani mashine inalemewa kila safari. Ukishusha pichi inchi moja unapata mizunguko 150 hadi 200. Tafuta 17.

Kamba na Nanga
Nakubaliana na Mzee, ila kabla ya kununua chora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu cha propela hadi kwenye ile raba ya ndani yake inayoshika shafti. Nenda ukimbize, rudi uangalie. Mistari ikiwa imeachana, raba inateleza. Ila kwa kawaida raba ikiteleza mashine hupiga kelele mshale ukipanda huku mashua haiendi, na yako inafanya kinyume, kwa hiyo sina wasiwasi sana. Angalia pia magugu maji. Naivasha yanajikunja kwenye shafti kama uzi kwenye cherehani.

Wa Lang'ata
Mstari nimechora, haujaachana. Magugu nilitoa konzi mbili. Mzee, kwa nini nisishuke moja kwa moja hadi 15, nipate nguvu zaidi?

Mzee wa Likoni
Kwa sababu siku utakayokuwa peke yako na tangi tupu itavuka 5,800, mashine ijikate yenyewe uanze kuruka kama mwenye kwikwi. Pichi huchagui kwa siku ya sifa, unachagua kwa mzigo unaoubeba siku zote. Ninyi huwa wangapi?

Wa Lang'ata
Watatu, mara chache wanne. Na kreti ya soda.

Mzee wa Likoni
Basi 17. Soda haihesabiwi.

Wa Lang'ata
Narudi na majibu baada ya wiki tatu. Nimepata 17 iliyotumika, alumini pia. Panga moja lilikuwa limepinda ncha, nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea Industrial Area akalinyoosha. Jumapili tulikuwa Naivasha alfajiri, kabla upepo haujaanza. Mshale: 5,450. Spidi ya juu: 66.

Ndiyo, kilomita moja chini ya ile 67 ya hapa Naivasha, na nilikuwa tayari nimeanza kununa. Lakini mashua sasa inalala juu ya maji kabla sijamaliza kuhesabu hadi tano. Zamani nilikuwa nafika kumi na moja. Na nikipunguza liva kupinda karibu na wale viboko, nikisukuma tena inaitika papo hapo. Fundi wa injekta amenipigia mara mbili, sijashika.

Ile 21 nimeitundika ukutani. Desemba tunashuka Mtwapa. Mzee, nikiirudisha huko, kuna kitu kingine cha kubadilisha?

Mzee wa Likoni
Kifungio kipya cha nati ya rafadha. Na grisi ya majini kwenye shafti, usisahau, chumvi itakugandishia rafadha. Ukifika pita Likoni.