Naomba ushauri: mafuta ya evening primrose kwa mtu anayetumia warfarini

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu dada yangu, ambaye kwa muda mrefu amesumbuliwa na maumivu ya matiti kila anapokaribia hedhi, na ambaye sasa muuzaji mmoja wa virutubisho amemshauri ameze vidonge vya mafuta ya evening primrose, yanayokamuliwa kutoka mbegu za mmea wenye asili ya Amerika Kaskazini uitwao Oenothera biennis.

Ninafahamu kwamba sifa za mafuta haya zinatokana na asidi ya gamma-linoleniki, ambayo ni aina ya omega-6. Hata hivyo, mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilifuta leseni za dawa mbili zilizotengenezwa kwa mafuta haya, moja ya pumu ya ngozi na nyingine ya maumivu hayohayo ya matiti, kwa kuwa ushahidi wa kufaa kwake haukutosha. Kwa hiyo ahadi za muuzaji haziniridhishi hata kidogo.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba dada anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya damu kuganda mguuni, na inatahadharishwa kuwa mafuta haya yanaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Nimemsihi asianze kabla ya kumwona daktari wake.

Je, yupo mfamasia au daktari hapa anayeweza kutueleza njia salama zaidi ya kupunguza maumivu hayo kwa mgonjwa wa aina hii, na maswali gani tumuulize daktari siku ya kliniki?