Tupeane uzoefu: kompyuta iligoma kuwaka, kumbe tatizo lilikuwa nini?

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Tanga na kompyuta moja ya mezani ndiyo inayoniwekea chakula mezani. Wiki iliyopita nabonyeza asubuhi: taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Fundi hakuifungua hata ubavu, akasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa, nitafute nyingine. Nilirudi nayo nyumbani nimeikumbatia kwenye bajaji, roho imenyong'onyea.

Usiku nikachomoa waya wa umeme, nikafungua, nikatoa RAM zote mbili, vile vibao vidogo vya kumbukumbu. Yale meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia na kupata madoa, chumvi ya pwani hii. Nikayasugua taratibu kwa raba ya mwanangu ya shule, nikapangusa, nikarudisha moja mpaka vibanio vikalia "ta". Ikawaka! Nikaongeza ya pili, kioo cheusi tena. Nikaitoa ile ya kwanza, ya pili nikaichomeka peke yake kwenye tundu la kwanza: ikawaka. Kwa hiyo RAM zote nzima, bovu ni tundu la pili. Sasa inakwenda na GB 4 tu, polepole, lakini wateja wanahudumiwa.

Naomba visa vyenu: dalili zilikuwaje, fundi alisema nini, na mwisho ikawa nini.

Mchangiaji wa 2
Pole mkuu. Yangu aliniletea kaka kutoka Marekani. Nyuma, pale unapochomeka waya wa umeme, kulikuwa na kiswichi chekundu kimeandikwa 115, mimi sikukitazama. Umeme wetu ni volti 230. Nilipochomeka tu, "paa!", moshi, harufu kali chumba kizima. Siku tatu sikumwambia kaka.

Fundi niliyempata ni mtu wa haki. Alitoa pawa saplai iliyoungua, lile boksi la kugawa umeme ndani ya mashine, akapachika ya kwake ya kujaribia, mashine ikawaka na mafaili yangu yote yapo. Akanionyesha pia namna ya kuijaribu: unachomoa plagi zake zote ndani ya mashine, kwenye ile kubwa unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, ndipo unawasha. Feni ikizunguka, ina uhai. Ila uhai si afya: pima kwa mita ya kupimia volti, waya wa njano utoe volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Boksi lenyewe msilifungue jamani, kapasita zake hubaki na umeme hata ukishachomoa.

Mchangiaji wa 3
Zanzibar hapa. Yangu ilikuwa inazima kila baada ya sekunde mbili. Fundi alipofungua alikuta mjusi amekaukia juu ya mazabodi, mkia umegusa miguu ya chipu. Akamtoa, akasafisha kwa spiriti, mpaka leo inafanya kazi. Ile nafasi ya kadi iliyokuwa wazi nyuma nimeiziba.

Mchangiaji wa 4
Kama kila asubuhi saa na tarehe vimerudi miaka ya nyuma na inakudai ubonyeze F1, anza na kile kibetri cha duara, CR2032. Nilikibadilisha mwenyewe, ikaisha hapo.

Mchangiaji wa 5
Kaka mleta uzi, mimi sikubahatika. Laptopu ilikuwa inasema haioni diski, na ukisogeza sikio unasikia "ka, ka, ka". Nikawa naizima na kuiwasha, labda mara thelathini, kwa sababu mara moja moja ilikuwa inafika mpaka kwenye Windows. Ile mara moja moja ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kuhamisha picha za marehemu mama, mimi nikawa nashukuru tu imewaka na kuendelea na kazi. Fundi alisema kichwa cha kusomea kimeharibika na kila nilipowasha kilizidi kuikwaruza diski. Hakikutoka kitu. Ukiisikia sauti hiyo, zima, usiijaribu tena, mpelekee anayejua kuokoa data.

Mleta uzi
Dada, pole sana, Mungu amrehemu mama. Nimesoma nikaenda kuweka sikio kwenye mashine yangu. Iko kimya, lakini hapa naandika huku nahamishia kazi za wateja kwenye flashi. Mchangiaji wa 2, kesho naazima mita, nitaleta majibu ya njano na nyekundu.