Kambi ya likizo kwa watoto wa mitaa ya mabondeni na milimani Mwanza: nianzie wapi?

Mwalimu wa Mabatini:

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Ninafundisha shule ya msingi na ninaishi Mabatini, karibu na mto Mirongo. Nina wazo la kuanzisha kambi ya likizo ya mwezi wa sita kwa watoto wa mitaa yetu, hasa wale wa vyumba vya kupanga vilivyopandana juu ya mawe, ambako familia nzima hulala chumba kimoja na mtoto hana pa kuchezea isipokuwa kwenye mtaro. Likizo ikifika, wenye uwezo huwapeleka watoto wao kwa babu na bibi vijijini. Wengi wa kwetu hubaki wakitembeza karanga au wakilea wadogo zao.

Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu wa darasa la nne wachore ziwa. Mtoto mmoja alichora mstari mwembamba wa buluu juu kabisa ya karatasi, na sehemu yote iliyobaki akaijaza mapaa ya bati. Aliniambia kwamba ndivyo ziwa linavyoonekana kutoka mlangoni kwao, na kwamba hajawahi kulifikia, ingawa kwa miguu ni mwendo usiofika saa moja.

Rafiki yangu ana eneo upande wa Igombe na yuko tayari kutuazima. Nafikiria watoto arobaini, wiki mbili, walale huko huko. Je, nianze na usajili, fedha au wazazi?

Afisa ustawi mstaafu:

Mwalimu, hongera kwa moyo huo. Kazi unayoitaka ina historia ndefu. Mwaka 1876 Mchungaji Walter Bion wa Zurich, Uswisi, aliwapeleka watoto 68 wa familia maskini za mjini kupumzika katika milima ya Appenzell. Mwaka uliofuata, Mchungaji Willard Parsons aliwaomba waumini wake wa Sherman, Pennsylvania, wawapokee majumbani mwao watoto waliotoka kwenye nyumba za kupanga zilizosongamana za New York. Zingatia kwamba Parsons hakuanza kwa kujenga kambi. Alianza na nyumba zilizokuwepo na watu waliofahamiana.

Kwa hiyo anza na wazazi, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa mwaka wa kwanza ni afadhali ufanye kazi chini ya taasisi iliyokwisha kusajiliwa, iwe kanisa, msikiti au asasi ya mtaani, badala ya kukimbilia kusajili shirika lako kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 kabla hujajua kama kazi yenyewe itasimama. Kumbuka pia kwamba Mabatini iko Nyamagana na Igombe iko Ilemela, hivyo maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri zote mbili wapate barua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na katika kambi maana yake ni mambo ya kila saa: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, na kila mtoto aijue namba 116 ya huduma kwa mtoto kabla hajaondoka kwao.

Nakusihi usianze na kulala. Anza na kambi ya mchana.

Mama wa Bugarika:

Mwalimu, naunga mkono, lakini naomba nikueleze upande wetu wazazi. Binti yangu wa kwanza aliwahi kuchaguliwa kwenda kambi moja, nami nikaletewa karatasi ya mahitaji: shuka mbili, blanketi, ndoo, ndala, taulo. Nyumbani tulikuwa na shuka moja ambayo watoto watatu walijifunika pamoja. Mtoto aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaniambia kwamba tumbo linamuuma na hataweza kwenda. Nilielewa. Waliotuandikia walikuwa na nia njema kabisa, ila hawakuwa wamefika ndani kwetu hata mara moja. Tafadhali, siku mtakapolaza watoto, shuka ziwe za kambi, zote za rangi moja.

Jambo la pili ni wasichana. Msichana wa miaka kumi ndiye anayembeba mdogo wake mama akiwa sokoni Kirumba. Ukimchukua, mama atapoteza kipato cha siku hizo, na hatakwambia. Atakujibu tu kwamba mtoto anaumwa. Mtengee nafasi mdogo wake pia, chini ya mama mmoja mtakayemlipa. Nasi tuacheni tuchangie tulicho nacho, iwe michembe, dagaa au zamu ya kupika, kwa sababu mzazi aliyechangia anapata nguvu ya kuuliza maswali.

Mhudumu wa afya, Ilemela:

Watoto wakishaliona ziwa watataka kuingia, na hapo ndipo penye hatari. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji matulivu yenye majani kando ya ufukwe, na hupenya ngozi bila mtoto kuhisi. Maji ya kuoga yachotwe na kuachwa kwenye pipa safi lenye mfuniko kwa siku moja hadi mbili, kwa kuwa vimelea hivyo havidumu vikikosa mwili wa kuingia. Kuogelea ziwani kusiwepo kabisa, kwani mbali na kichocho kuna mamba na kuna kuzama.

Ili wasibaki wakilitazama kwa mbali, wapelekeni kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, safari ya dakika chache kwa boti kutoka mjini, na watawaona swala na pimbi juu ya mawe kama yale ya kwao.

Mwalimu wa Mabatini:

Nashukuruni sana, hasa wewe Mama wa Bugarika. Nimelisoma jambo la shuka mara tatu. Nimebadili mpango: watoto kumi na sita, siku tano, kambi ya mchana, jioni kila mtoto arudi kwao. Jumamosi hii naanza kupita nyumba kwa nyumba, na nyumba ya kwanza ni ya yule aliyechora mapaa. Igombe isubiri mwaka mwingine.

Kwa safari ya Saanane, nani anamfahamu mwenye boti aliye na majaketi ya kujiokolea ya saizi ya watoto? Niliyoyaona hadi sasa yote ni ya watu wazima.