Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kujua hii ni sauti ya Rafi na ile ni ya Mukesh?

Mtoto wa Kisutu:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo huwa linanishangaza. Watu wengi tuliokulia pwani hatujui Kihindi hata cha kuombea maji, lakini tukiwekewa wimbo wa picha ya zamani ya Kihindi, kabla mstari wa kwanza haujaisha tumeshasema: huyu Rafi, huyu Mukesh, huyu Talat. Na waimbaji wenyewe kwenye picha hawaonekani! Anayeonekana ni stelingi, naye anachezesha midomo tu. Masikio hayo mliyapata wapi?

Naanza mimi. Mjomba wangu alikuwa na santuri, na sharti lake lilikuwa moja: hugusi santuri mpaka usome kibandiko cha katikati kwa sauti. Jina la picha, mtunzi wa muziki, mwimbaji. Ukiruka la mwimbaji unarudia. Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya picha ya Mahal, ya 1949. Santuri za mwanzo za wimbo wake mkubwa, Aayega Aanewala, hazikuandikwa Lata Mangeshkar. Ziliandikwa Kamini, yaani jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala! Wimbo ulipopigwa redioni kule India watu wakamiminika kuandika barua: huyu Kamini ni nani hasa? Ndipo kampuni ya santuri ikatoa jina, na Lata, binti wa miaka 20 hivi, akaanza kujulikana. Mjomba alikuwa akisema siku waimbaji walipoandikwa majina yao ndipo picha za Kihindi zilipoanza kumnoga.

Karibuni.

Darajani Kwetu:
Kwetu Unguja santuri zilikuwa za wenye nazo. Mimi masikio yangu yalifunguliwa na mama, naye alifunguliwa na Awaara. Picha ile ya 1951 ilipofika huku watu walikuwa wakirudi sinema usiku wanaimba njia nzima. Mama alikuwa akikosha vyombo huku anamuimba Mukesh, maneno yote kombo lakini sauti imo. Alinambia: stelingi Raj Kapoor ndo uso, Mukesh ndo roho. Baadaye nikasoma kuwa Mukesh alipofariki Marekani, Agosti 1976, Raj Kapoor mwenyewe alisema amepoteza sauti yake. Basi mama hakukosea.

Kibokoni Damu:
Wallahi mada hii imenigusa, na mtaniwia radhi nikiandika marefu.

Marehemu baba alikuwa akipiga harmonia katika kikundi cha taarab hapa Mombasa. Wanaojua wanajua: taarab ya mji huu ilinywa sana sauti, yaani tuni, za Kihindi. Marehemu Juma Bhalo, nyimbo zake nyingi aliziimba kwa sauti hizo, na watu waliozoea sinema walikuwa wakitabasamu tangu harmonia inapoanza, wameshajua imetoka picha gani. Si kutafsiri. Maneno ni mashairi ya Kiswahili mapya kabisa, ya mahaba au ya kupigana vijembe, ila tuni ndiyo iliyoazimwa.

Sasa kazi iko hapo. Shairi lina mizani yake na wimbo una yake. Baba alikuwa akiweka santuri, asikilize kipande kidogo, ainue sindano, airudishe. Mkononi penseli. Kila silabi anachora kistari kifupi. Pale mwimbaji anapovuta anachora kirefu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzungusha mkono wa kinanda cha santuri na kunyamaza. Ukurasa ukijaa vistari ndipo anaanza kutafuta maneno ya kukaa juu yake.

Kwa vistari vile nikawajua wote. Mukesh vistari vyake hupangika, kwa sababu hukaa juu ya noti na hana mapambo mengi. Shairi lolote la mizani minane humkalia. Talat Mahmood kila kirefu chake kina mtetemo mdogo, baba alikuwa akikichora kwa mkono wa kutikisika ili amkumbushe mwimbaji wetu. Rafi ndiye aliyekuwa akimsumbua. Rafi hupanda, akifika juu hupanda tena, na ukimfuata kwa Kiswahili lazima neno la mwisho liishie kwa irabu iliyo wazi, "a" hivi. Ukimpa mwimbaji neno linaloishia kwa "i" huko juu, koo linamkaba mbele ya kadamnasi. Nimeona mashairi mazuri yakitupwa kwa sababu ya irabu moja.

Na kwa taarifa ya vijana: Talat alikuja Afrika Mashariki kuimba, mwaka 1956. Baba hakubahatika kumwona na alikufa na kijiba hicho.

Fundi Mitambo (Nairobi):
Kibokoni, umenikosha kweli. Mimi nilifanya kazi studio ya redio, na mzee aliyenifunza ufundi hakunifunza sauti ya mtu, alinifunza umbali wa mtu na maikrofoni. Alikuwa akiniwekea wimbo huo huo wa Mahal alioutaja Mtoto wa Kisutu na kuniuliza: yuko wapi sasa? Ule utangulizi, Lata anasikika kama anatoka mbali anakuja. Hakukuwa na mtambo wa kufanya hivyo. Maikrofoni iliwekwa katikati ya chumba, yeye akaanza kuimba akiwa pembeni, akawa anasogea taratibu mpaka akaifikia.

Vijana wa siku hizi wanaorekodi sauti leo, ngoma kesho, hawawezi kuelewa. Enzi zile Bombay wapigaji wote na mwimbaji walirekodi kwa pamoja, fidla kibao, tabla, filimbi. Fidla moja ikiteleza mwishoni mwa wimbo, wote wanarudi mwanzo. Ndiyo maana walihitaji watu wa kuandika muziki kwenye karatasi, na wengi wao walikuwa Wagoa: Sebastian D'Souza kwa watunzi wawili Shankar–Jaikishan, Anthony Gonsalves kwa watunzi wengine. Majina yao kwenye picha huyaoni kwa urahisi. Wimbo ukishakamilika ndipo unapelekwa kwenye upigaji picha, unapigwa kwa spika, na stelingi anafuatisha midomo.

Kabla ya 1935 mambo yalikuwa mengine. Muigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapigaji wamejificha nyuma ya miti! Ni studio ya New Theatres kule Calcutta, kwenye picha ya Dhoop Chhaon, walioanza kurekodi kwanza na kupiga picha baadaye.

Mpemba Halisi:
Mbona hamumtaji Kishore Kumar? Au kwa sababu hakusomea muziki?

Mtoto wa Kisutu:
Mkuu usikasirike, lete uzoefu wako.

Mpemba Halisi:
Uzoefu wangu ni ubishi wa barazani. Mimi Kishore, kaka yangu Rafi, mpaka mama akatukataza kuweka kanda wakati wa chakula. Kishore alikuwa muigizaji na mwimbaji, anajiimbia mwenyewe. Kwenye picha ya Half Ticket ya 1962 Lata hakupatikana, akaimba sehemu ya mwanamume na ya mwanamke peke yake! Nikadhani nimeshashinda. Kaka akanitolea Raagini ya 1958: Kishore yuko kwenye skrini anafumbua mdomo, na sauti inayotoka ni ya Rafi. Mtunzi, O.P. Nayyar, aliona wimbo ule wa kiklasiki unamtaka Rafi. Sikula vizuri siku ile.

Ila baada ya picha ya Aradhana, 1969, nyimbo za Kishore zilipotamba, kaka ndiye aliyekosa la kusema.

Darajani Kwetu:
Mnaonaje ule ugomvi wa Lata na Rafi juu ya mrabaha? Lata alitaka mwimbaji apate chake kila santuri inapouzwa. Rafi akasema nimeshalipwa, basi. Wakakaa miaka kadhaa ya sitini hawaimbi pamoja.

Kibokoni Damu:
Rafi alikuwa na moyo wa dhahabu, lakini hapa niko na Lata. Baba alilipwa mara moja kurekodi, na kanda ile ilipigwa harusini mpaka tukawa watu wazima. Lata alijua anachodai. Ni yeye pia aliyekataa kuimba kwenye sherehe ya Filmfare, ya tuzo za picha za Kihindi, kwa kuwa waimbaji hawakuwa na tuzo. 1959 tuzo ikaanza, na wa kwanza kuipata akawa yeye.

Bi Muttrah:
Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Maskati. Mumewataja wanaume tu, na Lata. Asha Bhosle, mdogo wake Lata, je? Nayyar huyo huyo hakumpa Lata wimbo hata mmoja maisha yake yote, ila nyimbo lukuki alimpa Asha. Khaloo wangu alikuwa akinambia ukitaka kuwatenganisha dada wawili hawa, sikiliza pumzi: Lata humsikii akivuta pumzi, Asha hukuachia uisikie kusudi.

Halafu kuna picha ya Umrao Jaan ya 1981. Mtunzi wa muziki, Khayyam, alimwimbisha Asha chini kuliko alivyozoea, na mwanzo Asha mwenyewe hakutaka. Sikilizeni ghazal zile, yaani mashairi ya mahaba ya Kiurdu, kwa spika nzuri, si kwa simu, kisha mnambie kama mungelijua ni yeye.