Nilimwita mtu mwizi kwenye WhatsApp, kumbe hakuiba. Nalisafishaje jina lake?

MamaSimsim_Oli:
Habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka Oli, hapa Arua, Uganda, na tangu juzi sijalala vizuri. Kosa ni langu, anayelilipa ni mwenzangu.

Jumanne mchana nilimpa kijana wa boda gunia la simsim, kilo 80, alitoe sokoni alipeleke dukani kwangu. Nimefanya naye kazi karibu miaka miwili. Nikangoja, kimya. Nikapiga simu, haipatikani. Nikampigia msichana wangu wa dukani, akasema hajamwona. Watu wawili waliokaa karibu na meza yangu wakaanza: "Huyo keshavuka mpaka, mama. Simsim yako inaliwa Congo."

Nilikuwa na picha yake. Alinitumia mwenyewe mwezi wa pili, siku binti yake alipoanza P.1, darasa la kwanza. Amemshika mtoto mkono, sweta mpya ya kijani, mikono ya sweta imepita vidole. Alinitumia kwa furaha, nami siku ile nilimwandikia hongera. Jumanne nikaichukua picha hiyo hiyo nikaitupa kwenye kundi la wafanyabiashara, na namba ya pikipiki, na maneno haya: "MWIZI. Anabeba mizigo ya watu. Mkimwona mshikeni." Ilikuwa dakika arobaini tu tangu nimkabidhi mzigo.

Gunia lilikuwa kwa shemeji yangu. Msichana alikuwa amefunga duka kwenda kuswali, mvua ikaanza, kijana akalipeleka pale lisilowe. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Nimelikuta limeegemezwa ukutani, limefunikwa turubai.

Nilifuta ujumbe saa ile ile, lakini watu walishaupeleka kwingine. Jana jioni ukanirudia kwenye kundi letu la akiba la kina mama, una ile mishale miwili ya kusambazwa mara nyingi, na mtu ameongeza maneno ambayo sikuyaandika: eti ameshaibia watu wanne. Kijana haonekani stejini. Simu zangu hapokei. Mnajua kwetu mtu akielekezewa kidole barabarani akaitwa mwizi, kinachofuata ni nini. Nafanyaje?

FundiSimu_Koboko:
Pole mama. Ulipofuta, umeondoa ule wa kundi lako tu. Kila aliyeusambaza ana wake, huko huna mkono. Mwenye mkono ni msimamizi wa kila kundi, yeye anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote ukaondoka kwa wote. Kaa chini leo hii, andika kila kundi unalojua umefika, tafuta wasimamizi. Uwapigie, usiwaandikie. Ujumbe wa maandishi mtu anausoma kesho.

La pili, na hapa wengi huharibu: usiirudishe ile picha ukaipiga alama nyekundu ya "si kweli". Watu hukumbuka uso, maneno huyasahau, na utakuwa umemtembeza tena yule mtoto na sare yake. Rekodi sauti. Taja jina lako na duka lako, sema ulikosea, gunia lilipatikana, kijana hakuiba. Kwa Kiswahili na kwa Kilugbara. Sauti yako watu wa soko wanaijua.

Jambo moja liko upande wako. Ujumbe wenye mishale miwili WhatsApp haikubali uupeleke zaidi ya sehemu moja kwa mara moja, wakati ule mpya unaenda hata sehemu tano. Sauti yako itatembea haraka kuliko ule uongo.

BintiAdjumani:
Kaka fundi, asante, lakini asianze na simu. Aanze na nyumbani kwao.

Mwaka jana picha yangu ya harusini ilikatwa ikazungushwa kwamba nimekimbia na pesa za chama. Aliyeanzisha aliniomba msamaha kwa status. Baada ya saa 24 ikapotea. Mama yangu hana WhatsApp, habari mbaya aliletewa kwa miguu na majirani. Ile ya msamaha hakuna aliyemletea mpaka leo.

Msaidizi_wa_Sheria_Gulu:
Nakubaliana na dada. Ongezeni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji: akuandikie barua yenye muhuri kwamba shauri limesikilizwa na kijana hana kosa, kijana abaki na nakala mfukoni. Akisimamishwa njiani, karatasi ile inaweza kumwokoa.

Mama, ujue pia uliposimama kisheria. Katiba ya 1995 inasema mtu hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya mtoto aliyevaa sare inaonyesha hata shule anakosoma. Baba yake ana haki ya kukushtaki. Sikuandikii nikutishe. Nataka uende kwake ukijua ukubwa wa unachoomba kusamehewa.

MamaSimsim_Oli:
Ndugu zangu, leo Jumapili narudi kwenu.

Ijumaa nilikwenda kwao na shemeji na mwenyekiti. Baba yake mzee alitupokea, akatupa viti, hakusema neno mpaka nilipomaliza. Kijana alisimama mlangoni muda wote. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, kwa nini na mtoto?" Sikuwa na jibu. Mtoto hakwenda shule Alhamisi, wenzake walikuwa wameiona kwenye simu za wazazi wao.

Jumamosi asubuhi nilisimama stejini mbele ya boda wote, nikasema kwa mdomo wangu. Mwenyekiti wa steji akaisoma barua ya LC1. Siku tatu alizokaa bila kazi nimemlipa, alikataa mara mbili, baba yake akamwambia apokee. Sauti nimeirekodi kama fundi alivyosema. Makundi sita wameufuta ule ujumbe. Picha za watu zilizokuwa kwenye simu yangu, za watoto wao, nimekaa nazo jana usiku nikifuta moja moja.

Amerudi kazini, ila mzigo wangu bado hajabeba.

Yamebaki mawili. Mtu ameniambia picha imeonekana Facebook, na mimi sina VPN, ile programu ya kuifungulia tangu serikali ilipoifunga hapa Uganda Januari 2021. Mwenye nayo akiiona, airipoti, asiandike chochote chini yake. Na kuna kundi la wanunuzi wa mazao la Yumbe ambalo msimamizi wake hapokei simu. Aliyemo humo tafadhali aniandikie kwa siri, nimtumie ile sauti leo leo, maana Jumatano ni siku ambayo kijana hupeleka mizigo huko.