Naomba ushauri: Tairi za baiskeli kwa njia ya mfereji wa C&O (Chesapeake na Ohio, mfereji wa zamani wa boti), kando ya Mto Potomac, Marekani

Wakuu, habari zenu. Mpango ni siku 5, mwishoni mwa Aprili, kutoka Cumberland kushuka hadi Georgetown, Washington: kilomita 297. Tofauti ya kimo ni mita 184 tu safari nzima, kwa hiyo milima si tatizo. Tatizo ni tope.

Njia ni udongo na kokoto zilizosagwa. Ikinyesha, udongo unanata kwenye tairi, unajaa chini ya madigadi na kukaza gurudumu mpaka ligome kuzunguka. Hapo unabaki kuchokoa na kijiti kila baada ya mita chache. Fremu inaingiza tairi za mm 42 bila madigadi, au mm 35 pamoja na madigadi. Naegemea mm 42, upepo kidogo, lakini bila madigadi maji machafu yote yanaishia mgongoni na kwenye mabegi ya nyuma. Waliopita pale baada ya mvua, mlichagua ipi?

Pili, maji. Pampu za mkono kwenye kambi za bure hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa katikati ya Aprili. Je, lita 3 zinatosha endapo pampu moja haitoi?

Mwisho, handaki la Paw Paw: mita 950 za giza, sakafu yenye mashimo, na baiskeli ni ya kusukuma. Taa ya usukani inatosha, au nibebe ya kichwani pia?