Chuo chenye jina au kozi yenye soko, kipi kinaleta mshahara mzuri baadaye?

dada_mkubwa: Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana kuthibitisha mwisho wiki ijayo na usingizi sipati. Mdogo wangu kachaguliwa vyuo viwili, kimoja kikubwa chenye jina ila wamempa sosholojia, kingine hakijulikani ila wamempa uhandisi wa umeme alioomba mwenyewe. Baba anasema jina la chuo ndo linafungua milango, mi naona kozi. Nyumbani hatuna wa kumshika mkono kwenye ajira, tukikosea atabeba yeye. Kipi kinahesabika zaidi?

mchumi_mtaani: Dada hili limechunguzwa kabisa. Norwei wanapanga watu vyuo na kozi kwa alama, sasa kuna waliopata kwa pointi kiduchu na waliokosa kwa pointi kiduchu, Kirkeboen, Leuven na Mogstad wakafuatilia kipato chao (utafiti wa 2016) wakakuta kozi inabadilisha mshahara sana, chuo kidogo tu. Marekani nako Dale na Krueger, 2002, walichukua watu waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana wakawalinganisha, aliyeenda kwenye kigumu kuingia na aliyeenda kwingine baadaye wanalingana kwa kipato. Ila waliotoka familia zenye kipato kidogo chuo kikubwa kiliwainua kweli. Hapo baba ana hoja, msimpuuze, mtoto wa wenye nacho koneksheni anazikuta nyumbani, huyu anaenda kuzitafuta chuoni.

meza_ya_ajira: Mi kazi yangu kuajiri. Sivi za waliomaliza juzi zikija rundo, chuo tunakiangalia, tusidanganyane, maana hamna kingine cha kuangalia. Ila mtu akishafanya kazi miaka mitano nasoma alichofanya. Kuna kijana alikuja na daftari la saketi alizochora na kuzifuta kwa kalamu nyekundu kila ilipoungua, tukaongea nae saa zima, chuo chake nimekuja kukiona wakati wa kujaza fomu. Na kwa kazi ya uhandisi huyo wa sosholojia hata atoke chuo gani simwiti.

mzee_wa_data: Naongezea. Chetty, Deming na Friedman 2023 waliangalia vile vyuo 12 vya juu kabisa Marekani, wastani wa kipato haukupanda sana ila nafasi ya kuingia ile asilimia 1 ya juu ilipanda kwa kama nusu. Sasa hivyo ni vyuo 12, sio kila chenye jina. Na uhandisi nao mjue unalipa sana mwanzoni halafu ile tofauti inapungua maana ujuzi unazeeka, asiyeendelea kujifunza anapitwa na waliomaliza jana.

dada_mkubwa: Asanteni sana jamani, la koneksheni limenigusa. Nitamsomea baba yote leo usiku, hata yale yanayomuunga mkono yeye. Mwenyewe mdogo wangu nimemkuta sebuleni kafungua redio mbovu kwa mara ya tatu, skrubu kazipanga kwenye kifuniko cha chupa zisipotee.